Tulivyofundishwa Kuzoa Taka Daraja Mbili

Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi nilikuwa na miaka thelathini na kitu, watoto wawili, na ujuzi mmoja tu: kukagua kitambaa. Kwa miaka tisa nilisimama mbele ya meza yenye taa chini yake, kitambaa kinapita, nami natafuta uzi uliokatika, doa la mafuta, rangi iliyoruka. Niliipenda kazi ile na niliiweza. Lakini kiwanda kilikuwa cha umma, mitumba ilikuwa imeshaanza kumwagwa sokoni kwa marobota, na mtaani hakuna aliyekuwa na haja ya mkaguzi wa kitambaa.

Mume wangu alikuwa fundi redio mwenye kibanda karibu na soko. Hakunilaumu. Ila nilianza kufagia uwanja mara tatu kwa siku, hata ambapo hapakuwa na jani, na siku moja akaniambia taratibu, "Mama watoto, utaufikia mwamba."

Miaka ile Arusha ilikuwa inachafuka mbele ya macho yetu. Nilipokuwa msichana hatukuwa na taka za maana, kwa sababu hatukuwa na vitu vya maana. Kopo likiisha maziwa lilikatwa likawa koroboi. Chupa ilitumwa dukani kuleta mafuta ya taa mpaka ikavunjika. Mama yangu alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki ambao aliufua na kuuanika kwenye kamba pamoja na nguo. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na kila kitu kikaja kimevikwa nguo yake: biskuti, sabuni, betri, hata maji. Tulifurahi sana, sisemi uongo. Hatukuwa tumejiuliza nguo hizo zote zitakwenda wapi. Zilikwenda mtoni, zilikwenda kwenye mitaro, na mvua za masika zikija zilirudi mlangoni kwako.

Tangazo lilisomwa kanisani baada ya ibada. Kata ilikuwa inatafuta watu wa kuunda kikundi cha usafi, na watakaojiandikisha wangefundishwa kwa wiki tatu bila malipo. Mama aliyekaa karibu nami alinigusa kwa kiwiko. "Kufundishwa kufagia? Kwani nani hapa hajui kufagia?" Nikacheka naye. Jumatatu asubuhi nilikuwa Sekei, mbele ya mlango wa ukumbi wa mafunzo, nikiomba asije mtu anayenifahamu.

Tulikuwa kumi na wawili. Mwalimu wetu alikuwa bibi afya mstaafu, mama mfupi, mnene, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi wa kufumia. Tulimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu," akaitikia "Marahaba," kisha bila hotuba yoyote akawaita wanaume wawili walete gunia lililokuwa nje. Akalimwaga juu ya turubai katikati ya ukumbi. Harufu ikapanda mpaka darini.

"Hizi ni taka za nyumbani kwangu," alisema. "Za siku nne. Hebu nisomeeni."

Tukatazamana. Kando yangu alikuwa Mwarusha mmoja mrefu, kutoka vijiji vya magharibi ya Mlima Meru, aliyekuwa amechunga ng'ombe wa baba yake na kulinda maghala ya watu kabla ya kuja pale. Yeye ndiye wa kwanza kupiga goti. Aligeuza geuza kwa kijiti, kama mtu anayefuata nyayo za ndama aliyepotea. Akainua kigunzi cha mahindi.

"Mwalimu, kwako kuna mtoto anayeota meno."

"Umejuaje?"

"Kimetafunwa kila mahali, na alama ni za meno mawili tu."

Ukumbi mzima ulicheka, na mwalimu akacheka kuliko sote. "Ni mjukuu wangu. Endeleeni."

Basi tukapiga magoti. Mikono yangu ilianza kwenda yenyewe, na macho yakaenda kama yalivyokuwa yakienda kwenye ile meza yenye taa. Ndani ya majani ya kabichi niliona kitu kinametameta. Nikakitoa kwa ncha za vidole: wembe.

"Nani ameona hicho?" mwalimu aliuliza.

"Mimi."

"Mimi mwenyewe niliutia humo na bado ningeupita. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kukagua kitambaa, kiwandani."

"Basi kazi yako ni ileile," alisema. "Kimebadilika kitambaa tu."

Sijui kama alijua alichonipa. Tangu nipewe barua ya kupunguzwa, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia kwamba ile miaka tisa haikuwa imepotea.

Wiki tatu zile tulijifunza mambo ambayo sikujua kuwa ni elimu. Tulijifunza kuinua mzigo kwa magoti badala ya mgongo. Tulijifunza kufagia tukiwa tumeupa upepo kisogo. Tulijifunza kutoshindilia gunia kwa mguu, kwa sababu hujui kilicho ndani. Tulichomwa sindano ya pepopunda, na Mwarusha wetu, aliyekuwa ametusimulia jinsi alivyomfukuza fisi kwa fimbo, alifumba macho na kunishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Na tulijifunza kubisha hodi. Mwalimu alijifanya mwenye nyumba mkali, amejifunga khanga kifuani, mikono kiunoni.

"Ondokeni hapa na uvundo wenu!"

Mwarusha alikuwa amekwisha kusema "Shikamoo mama." Aliposikia hivyo akageuka akaondoka.

"Unakwenda wapi?" mwalimu alimwita. "Gunia langu umeliacha. Mtu akikutukana, wewe maliza salamu, chukua gunia, sema asante. Kesho atakosa cha kukutukania."

Katikati ya wiki ya tatu mama yangu alikuja kututembelea kutoka Machame na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa. Akaikuta ovaroli yangu ya buluu kwenye kamba.

"Hii ni ya mume wako?"

"Ni yangu, mama."

"Ya kazi gani?"

"Ya kuzoa taka."

Aliushika mkono wa ovaroli, akasema, "Nimekusomesha mpaka kidato cha nne, ukazoe maganda ya watu?"

"Tunafundishwa, mama. Kuna na cheti."

"Cheti cha taka!" Alisema hivyo mara mbili, mara ya pili kwa Kichaga, na kwa Kichaga ilikuwa mbaya zaidi. Nilipotoka jikoni nilikuta ameianua ovaroli akaianika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, majirani wasiione. Niliumia. Lakini niliona kwamba alikuwa ameinyoosha vizuri, mikono na miguu, ili ikauke bila makunyanzi.

Tukapewa mitaa ya Daraja Mbili. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Kila nyumba ingekuwa na magunia mawili: moja la vitu vinavyooza, maganda na majani na mabaki ya chakula, jingine la vilivyobaki. Gunia la pili lingekwenda dampo. La kwanza lingepakiwa kwenye pikapu na kupelekwa Akheri, kwa mama mmoja mkulima ambaye mwalimu alikuwa amekubaliana naye. Mama yule alikuwa na shamba la migomba na kahawa na ng'ombe watatu wa zizini, na udongo wake, kwa maneno yake, ulikuwa umechoka kama mama mkwe. Majani ya ndizi na maganda mabichi angewapa ng'ombe, kilichobaki angekifukia kiwe mboji. Alitoa sharti moja tu: kisiwemo kitu kisichooza.

Kabla ya kuanza tuliitisha mkutano wa mtaa. Wenye nyumba walikuja, wazee wa mtaa walikuja, wakakaa kwenye viti. Tukaeleza. Walitikisa vichwa, wakauliza maswali mazuri, mmoja akatuombea dua. Tulirudi tukishangilia. Wiki ya kwanza magunia yalijaa, tukapakia pikapu mpaka juu, na Mwarusha akasafiri amekaa juu ya mzigo, akiwapungia watu mkono njia nzima ya kwenda Akheri kama bwana harusi.

Siku ya nne ikaja salamu kutoka Akheri: njoo, wewe na yule Mwarusha.

Kulikuwa na manyunyu. Tulimkuta mama mkulima amesimama kando ya lundo la taka zetu, mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa koti la mvua la kiume, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Tukamsalimu. Aliitikia vizuri, maana huko kwao salamu haikatwi kwa sababu ya hasira. Kisha akatuonyesha. Kwenye majani ya mgomba alikuwa amepanga alivyovitoa: vipande vya glasi, vifuniko vya soda, betri, mifuko ya plastiki, sindano ya hospitali, nusu ya kandambili.

"Mkono huu ni chupa," alisema. "Na ng'ombe wangu mwekundu nimemtoa mfuko mdomoni kwa mkono huu mwingine, umeshaingia nusu. Mfuko ungefika tumboni, leo mngekuta nachuna ngozi."

Mwarusha alikwenda moja kwa moja zizini, akamshika yule ng'ombe taya, akamtazama mdomoni, akamsikiliza ubavuni kwa sikio. Aliporudi uso wake ulikuwa umekunjamana. Kumdhuru ng'ombe wa mtu, kwake, hakukuwa na udhuru.

"Mzima," alisema. "Tusamehe, mama."

"Msamaha nimeshatoa. Mzigo wenu bado."

Tukavaa glovu tukaanza kulichambua lundo lote, pale pale, katika manyunyu yale, yeye akiwa amesimama na mkono wake uliofungwa. Ilituchukua mpaka saa tisa alasiri. Nilichambua kwa aibu mwanzoni, halafu kwa hasira, na mwisho nilianza kusoma. Kandambili ile ilikuwa ya mtoto. Vifuniko vya soda vilikuwa vimetobolewa katikati, vya kuchezea. Mifuko ilikuwa imefungwa fundo juu na ndani yake mna mchicha uliochambuliwa vizuri sana, shina kwa shina. Aliyeitupa hakuwa mzembe. Alikuwa hajaambiwa tu.

Tulipomaliza, mama yule alituita jikoni akatupakulia loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, bakuli la kila mmoja limejaa mpaka ukingoni. "Kuleni," alisema. "Siwezi kugombana na mtu mwenye njaa." Mwarusha alikula mabakuli matatu, na kufikia la tatu walikuwa wanabishana kuhusu magonjwa ya ndama kama watu waliokua pamoja.

Kesho yake nilimfuata mwalimu kwake Sekei, nikamweleza yote. Alisikiliza huku akimbembeleza yule mjukuu wa kigunzi.

"Kwenye mkutano mliwafundisha akina nani?"

"Wenye nyumba, mwalimu. Na wazee wa mtaa."

"Na taka anatupa nani?"

Nyumba za Daraja Mbili zilikuwa za kupanga, vyumba sita au vinane vinatazamana na uwanja mmoja. Baba mwenye nyumba hajawahi kumenya ndizi. Wanaotupa walikuwa wapangaji wanawake, wasichana wa kazi, mama ntilie wa barabarani, na watoto wanaotumwa na ndoo. Hata mmoja wao hakuwa amekaa kwenye viti vyetu.

"Mimi mwenyewe ndiye nimekosea," mwalimu alisema, akavaa miwani. "Niliwafundisha kubisha hodi, sikuwafundisha kuuliza nani yuko jikoni. Basi turudi shule."

Mkutano wa pili tuliufanya Jumapili mchana, saa ambayo wasichana wa kazi huwa wametoka kanisani na hawajaanza chakula cha jioni. Hatukuweka viti. Tulitandika maturubai uwanjani, na watu wakaja na watoto mgongoni, na mama ntilie mmoja akaja na sufuria yake kwa sababu maharage yalikuwa hayajaiva. Na mama mkulima wa Akheri alikuja. Sikutegemea. Alishuka kwenye pikapu na mkungu wa ndizi, mkono wake bado umefungwa.

Hakuhutubia. Aliuonyesha mkono. "Hii ni chupa ya hapa kwenu," alisema. "Sijui ya nani, na sitafuti. Nimekuja mnione tu, maana nadhani mlifikiri taka zenu zinakwenda kwa mtu asiye na mikono."

Mtoto mmoja wa kike, wa miaka kama saba, alisogea akakigusa kile kitambaa cha mkononi kwa kidole kimoja, akauliza, "Inauma?"

"Imepungua. Ila ng'ombe wangu alilia."

Kisha tukamwaga magunia mawili kwenye turubai, tukawapa glovu zetu kwa zamu. Hapo ndipo shughuli ilipochangamka. Msichana mmoja wa kazi aliinua chupa tupu ya dawa ya kupaka nywele rangi nyeusi akapiga kelele, "Hii ni ya baba mwenye nyumba wetu! Kumbe!" Watu walianguka kwa kicheko. Bahati nzuri baba mwenyewe hakuwapo. Mama ntilie alitaka kujua kama mfupa unaoza. Mwingine akauliza majivu yanawekwa wapi. Mama mkulima alijibu yote, akiwa amechuchumaa, na majivu akasema aletewe hata mlima mzima. Tulimaliza kwa kugawana ule mkungu wa ndizi, na maganda yake yote, nilihesabu kwa macho, yaliingia kwenye gunia linalostahili.

Watoto ndio waliotumalizia kazi. Yule wa kike wa miaka saba aliliteka gunia la nyumba yao kama askari wa geti. Asubuhi moja nilipopita na mkokoteni nilimsikia akipaza sauti uwanja mzima: "Baba! Betri si ya ng'ombe!" Baba, mtu mzima, dereva wa lori mwenye kifua kama kabati, alirudi akainama akaitoa betri yake. Maneno hayo yakazagaa mtaani. Mtu akikosea jambo lolote, akiweka chumvi mara mbili au akipanda gari lisilo lake, ataambiwa: betri si ya ng'ombe.

Mzigo wa pili wa kwenda Akheri niliukagua mwenyewe, gunia moja moja. Nilipata kifuniko kimoja cha soda. Mama mkulima alikata kamba ya gunia la kwanza, akatia mkono ule mzima, akachakura mpaka chini. Tukasubiri. Akautoa, umeshika majani ya kabichi, akaunusa.

"Huyu ng'ombe," alimwambia Mwarusha, "leo ana sherehe."

Mwarusha alipiga ukemi wa kimorani uliowashtua kuku wote wa nyumba ile.

Masika yaliyofuata mitaro ya mitaa yetu ilipitisha maji. Si yote, na si kila siku. Kuna kona moja karibu na daraja iliyotushinda miaka mingi. Lakini tuliendelea. Mama yangu alikuja tena, akanikuta nikijaza mboji kwenye mfuko, zawadi kutoka Akheri. Alichota kiganjani, akaipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa unga wa ulezi.

"Hii ndiyo mliyofundishwa?"

"Ndiyo, mama."

"Mfuko huu ni wa nani?"

"Nilitaka kupanda mchicha."

"Mchicha utaota hata bila hii. Kahawa yangu ina hali mbaya." Akaufunga mdomo wa mfuko kwa kamba, mafundo mawili, akauweka karibu na mlango pamoja na vitu vyake vya safari. Kwenye stendi, majirani zake wa kijijini walipomuuliza amebeba nini, nilimsikia akieleza kwa sauti ya watu wote kusikia, na neno alilotumia ni "kazi ya binti yangu."

Mwalimu alipoombwa kufundisha kikundi kingine, cha akina mama wa Sekei, alinipigia simu kwenye duka la jirani akasema miguu inamuuma, niende mimi. Haikuwa inamuuma, siku ile ile alionekana sokoni akibishania bei ya nyanya. Nilikwenda nimevaa gauni la kanisani. Walikuwa akina mama kumi na tano, mikono wameikunja kifuani, na mmoja alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni akauliza, "Dada, kwani unatufundisha kufagia?"

"Hapana," nilisema. "Kwanza naomba mniambie, kwenu nani yuko jikoni saa hizi?"

Wakatazamana. Wawili wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Ngoja nikamwite," akatoka mbio na viatu vyake vya kisigino.